Kwa Reli Hadi Kamina, Kuifuata Sauti ya Tatu

Anayetoka Kapata, karibu na Kolwezi katika Katanga ya Kongo, kwenda Kamina kwa treni huanza kwa kuupa mgongo upande anaokwenda. Kutoka Kolwezi reli hushika mashariki hadi Tenke, na hapo tu ndipo hukata kaskazini, ikateremka hadi Bukama kwenye mto Lualaba, kisha ikapanda kuelekea Kamina. Kwa lori mtu angeweza kufika mapema zaidi, lakini nimechagua reli kwa kuwa ni sehemu ya hoja yangu. Ninakwenda kusikiliza waimbaji walioachiwa kazi na Joachim Ngoi, tenori (sauti ya tatu) aliyeongoza Missa Luba, misa ya Kilatini kwa sauti za Waluba, mwaka 1958, na ninashikilia kwamba misa ile haijulikani kwa santuri. Hujulikana mbele ya waimbaji wenyewe, wakati bado wana hiari ya kuibadilisha.

Ushahidi wa kwanza ni jinsi ilivyozaliwa. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya Kamina kwaya ya wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15, akaiita Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti zilitoka kwa Waluba: Kyrie ilitokana na kasala, tungo za maombolezo na sifa, Sanctus ilifuata wimbo wa kuagana, Hosana ilikwenda kwa mdundo wa ngoma ya Kasai. Hapakuwa na karatasi ya noti. Waimbaji walikubaliana umbo, kisha wakaujaza wimbo papo hapo, hivyo kwamba uimbaji mmoja haukulingana na mwingine. Noti zilizochapishwa baadaye zilinakiliwa kutoka kwenye santuri. Maana yake, kwaya ya Ulaya au Marekani inayoimba Missa Luba leo kwa kufuata kitabu inarudia alivyoimba Ngoi siku moja, na hata yeye hakulazimika kuimba vile siku iliyofuata.

Lakini ngoma ya Kasai ilifikaje kwenye misa ya Katanga? Jibu liko chini ya magurudumu. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 kipande cha kutoka hapo kupitia Kamina hadi Ilebo kikakamilika. Kwa njia hiyo kampuni ya Union Minière ilipata vibarua wa Kasai kwa migodi ya shaba, na kambi za wafanyakazi zikajaa lugha na nyimbo zilizokuwa zimetengana. Njia hiyohiyo iliwarudisha. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, maelfu walilala kwenye stesheni kwa wiki na hata miezi wakingoja mabehewa, na wengi walifia hapo. Anayejua stesheni ya Kolwezi ilivyokuwa wakati ule hawezi kuichukulia kasala ndani ya Kyrie kama pambo. Ni maombolezo yenye wenyewe, na baadhi yao bado wako hai.

Nitajibiwa kwamba bila santuri dunia isingemjua Ngoi kabisa. Ni kweli, na sibishi. Filamu ya Lindsay Anderson ya mwaka 1968, If...., inamwonyesha mwanafunzi Mwingereza akiirudia Sanctus kwenye gramafoni yake, na watu wengi wa nje waliijua misa hii kupitia hapo. Ila tazama kilichosafiri: wimbo wa kuagana umegeuka wimbo wa uasi wa bweni. Hata umati nao si ushahidi. John McCormack, tenori wa Ireland, alipoimba Panis Angelicus katika Phoenix Park ya Dublin mwaka 1932, inakadiriwa watu milioni moja walikuwapo, na wengi wao waliipata sauti yake kwa vipaza sauti. Kuwapo uwanjani hakukuwapa uwezo wowote juu ya wimbo.

Pingamizi gumu zaidi ni la wanaosema misa yenyewe si yetu: padri Mzungu, Kilatini, jina la mfalme. Jina la kwaya silitetei. Hata hivyo padri hakuweza kuandika mapema kile ambacho Ngoi angeimba. Katika hilo alikuwa msikilizaji kama mwingine. Na Roma yenyewe ilichelewa kufika ilipofika Kamina. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu muziki wa wenyeji katika ibada Desemba 1963, na utaratibu wa misa wa Zaire (Kongo ya sasa), wenye ngoma na mwendo wa kucheza, uliidhinishwa mwaka 1988, miaka 30 baada ya wavulana wale.

Basi Kamina ninakwenda kusikiliza nini, ikiwa kwaya za leo huimba zaidi Kiswahili na Kiluba, kwa kinanda cha umeme na spika zinazokoroma? Sitafuti nakala ya 1958. Ninatafuta ule uhuru wa tenori kukiongoza kikosi bila kujua mapema atamalizia wapi, nao haukuhitaji Kilatini ili uendelee. Wakati wa matoleo ndipo unaonekana vizuri zaidi. Foleni ya waumini wanaoleta sadaka ikiwa bado ndefu, mwongozaji huongeza ubeti, kwaya humpokea, ngoma humsubiri. Mama wa mwisho akishapita, yeye huinua mkono na wimbo unakatwa.