“Usiishike Hivyo”: Siku Mbili za Baba, Mwana na Simu Yenye Kasoro

Katikati ya Julai 2010, familia moja ya Marekani ilikuwa mapumzikoni Hawaii. Baba alikuwa mgonjwa. Mwaka uliotangulia alipandikizwa ini. Mapumziko ya mtu wa namna hiyo, akiwa na mke na watoto, si ya kukatishwa hovyo. Lakini simu za kazini hazikukoma, na mwishowe baba akaamua kurudi California. Akamwambia kijana wake Reed, wa miaka 18, waondoke pamoja. Alitaka aingie naye kwenye kila kikao, kwa sababu aliamini kwa siku mbili hizo angejifunza mengi kuliko miaka miwili ya chuo cha biashara.

Baba huyo alikuwa Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple. Habari za safari hiyo zimo kwenye kitabu cha maisha yake alichoandika Walter Isaacson. Kilichomtoa ufukweni ni malalamiko ya wateja kuhusu simu.

Simu yenyewe ilikuwa iPhone 4, iliyoanza kuuzwa Juni 24 mwaka huo. Ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Kioo mbele, kioo nyuma, na katikati mkanda wa chuma kisichoshika kutu unaoizunguka yote. Mkanda huo haukuwa pambo tu. Ndio uliokuwa antena, ukiwa umekatwa vipande na kutenganishwa kwa vimstari vyembamba vyeusi. Kipande kimoja kilikuwa cha kupokea na kupeleka simu, kingine kilikuwa cha Wi-Fi na Bluetooth.

Tatizo lilikuwa kwenye kimstari kimoja, chini upande wa kushoto. Ukiishika simu kwa mkono wa kushoto, mahali hapo ndipo kiganja kinapotua. Nyama ya mkono ikigusa pande zote mbili za kimstari, vipande viwili vinakuwa kama kimoja, na antena inapoteza nguvu. Mtu aliyekuwa akiongea vizuri anaona vistari vya mtandao vinashuka kimoja kimoja, kisha simu inakatika. Akiiweka mezani, mtandao unarudi.

Mteja mmoja alimwandikia Jobs barua pepe kumweleza hayo. Jibu lilikuja fupi: asiishike namna hiyo. Kampuni nayo ikatoa tamko la aina hiyohiyo. Simu yoyote ikikumbatiwa na kiganja hupungukiwa mtandao, ilisema. Basi epuka kushika ile kona ya chini kushoto, au nunua kava. Kava la Apple lenyewe liliuzwa dola 29.

Mzazi akisoma jibu hilo polepole, atalitambua. Ni jibu linalosikika kwenye kila nyumba. Mtoto anakuja na kikombe kilichoachia mpini, na kabla hajafungua kinywa anaulizwa, “Ulikuwa umekishikaje?” Hakuna anayekumbuka kwamba mpini huo ulikuwa umelegea tangu mwezi uliopita na kwamba mkubwa fulani aliona akanyamaza. Watoto wanaotumia mkono wa kushoto wanalijua zaidi. Hao wameambiwa tangu utotoni kwamba kijiko hakishikwi hivyo, kalamu haishikwi hivyo, mkasi haushikwi hivyo. Mkasi ulitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, lakini anayeonekana mzembe ni mtoto.

Na huko Apple pia mpini ulikuwa umelegea mapema. Kwa mujibu wa kitabu cha Isaacson, wahandisi walikuwa na wasiwasi na ule mkanda wa chuma hata kabla simu haijatoka, na likatolewa wazo la kuupaka rangi isiyoonekana ili ngozi isiguse chuma moja kwa moja. Wapenda uzuri wakakataa. Wangeuharibu mng’ao.

Julai 2 kampuni ikaja na maelezo mengine. Ikasema imegundua kwamba hesabu inayoamua simu ionyeshe vistari vingapi ilikuwa na makosa, kwa hiyo watu walikuwa wakionyeshwa mtandao mwingi kuliko uliokuwepo. Hilo linaweza kuwa kweli, lakini mtu ambaye simu yake inakatika katikati ya mazungumzo na mama yake halalamikii picha ya vistari. Siku kumi baadaye jarida la Consumer Reports, linalopima bidhaa bila kuchukua matangazo ya biashara, liliipeleka simu maabara na kutangaza kwamba haliwezi kumshauri mtu ainunue. Dawa iliyopendekezwa na jarida hilo ilikuwa ya aibu kwa kampuni kubwa kiasi hicho: kubandika kipande cha utepe wa gundi juu ya kimstari.

Hapo ndipo baba na mwana walipopanda ndege. Kabla ya hapo Jobs alikuwa akijitetea, hata kuumia, akiona anaonewa. Isaacson anasimulia kwamba msaidizi wake Tim Cook alimfikishia maneno yaliyokuwa yakisemwa nje, kwamba Apple sasa imekuwa kampuni ya majivuno. Maneno hayo yalimwingia.

Ijumaa ya Julai 16 akasimama mbele ya waandishi wa habari. Alikiri kwamba wao si wakamilifu, na kwamba wanataka kila mteja aridhike. Kava lingetolewa bure kwa kila mwenye iPhone 4 hadi Septemba 30, na aliyenunua dola zake 29 angerudishiwa. Asiyetaka simu angeirudisha ndani ya siku 30 na kupewa fedha zake zote.

Angeishia hapo, ingekuwa siku njema. Lakini palepale alionyesha video za simu za kampuni nyingine tatu zikipoteza mtandao zinapobanwa na mkono, kana kwamba anasema, mbona hata wenzangu. Akatoa na takwimu. Ni asilimia 0.55 tu ya wanunuzi waliopiga simu kulalamikia antena. Waliorudisha simu dukani walikuwa asilimia 1.7, wakati toleo lililotangulia lilirudishwa na asilimia 6. Takwimu hizo ni nzito, na ni haki kuzisema. Zinaonyesha kwamba watu wengi waliipenda simu hiyo pamoja na kasoro yake. Kampuni zilizoonyeshwa kwenye video hazikufurahi, na zilijibu.

Kwa hiyo kijana aliona vyote viwili. Alimwona baba yake akikubali kosa na kulilipia, na akamwona akiwanyooshea wengine kidole kabla hajamaliza kulikubali. Watoto wengi hukua wakiona kile cha pili peke yake. Wachache sana ndio wanaoruhusiwa kukaa chumbani wakati mzazi amebanwa, anauliza wenzake afanye nini, anabadili mawazo. Kwa kawaida mlango hufungwa, na mtoto anaambiwa akacheze nje.

Mwaka 2012 kesi ya wateja nchini Marekani ilimalizwa kwa makubaliano: kila mnunuzi aliyestahili achukue dola 15 au kava. Kabla ya hapo, Oktoba 4, 2011, Apple ilitangaza simu iliyofuata, iPhone 4S. Hiyo ilikuwa na uwezo wa kuhama yenyewe kutoka antena moja kwenda nyingine, kiganja kitue popote kitakapotua. Jobs alifariki kesho yake. Alikuwa amekwisha kumweleza Isaacson juu ya zile siku mbili na Reed: angekubali kupitia fedheha yote ile tena, ili tu mwanawe amwone akiwa kazini.