Kupatanisha Jicho na Risasi

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni askari wa wanyamapori, aliniomba nimtafsirie maelekezo ya kufunga darubini juu ya bunduki. Ufungaji haukunisumbua: pete mbili hushika bomba la darubini, skrubu hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, na nafasi ya vidole vinne hivi huachwa kati ya jicho na kioo, ili bunduki irudipo nyuma isimpasue mtu nyusi. Nilikwama kwenye kitenzi kimoja, kile Waingereza walichokiunda kutokana na sifuri.

Mwenzangu alipendekeza “kusifurisha”. Mofolojia yake haina dosari. Lakini katika nchi ambayo daraja sifuri ni jinamizi la kila mtahiniwa, nani ataisifurisha silaha yake kwa moyo mkunjufu? “Mwalimu, hilo watalicheka,” akasema askari.

“Kulenga” nalo limechoshwa na mizigo: malengo ya somo, walengwa wa mradi, mlengo wa kushoto. Isitoshe, mpigaji hulenga kila ainuapo bunduki. Kazi hii hutangulia. “Kusawazisha” linaufaa msalaba ulio ndani ya darubini, usilale upande. Haliendi mbali zaidi.

Basi nikauliza ni nini hasa kinachotendeka. Jicho hutazama kwa mstari ulionyooka. Risasi hutoka mtutuni, sentimita kadhaa chini ya mstari huo, huupanda, kisha uzito wake huivuta chini. Fundi huchagua umbali, tuseme mita 100, ambapo viwili hivyo vitakutana. Hupiga risasi tatu bila kugusa kitu, hutafuta kitovu cha matundu yake, ndipo azungushe vifundo. Katika darubini nyingi, kila mlio wa kifundo huhamisha risasi takriban milimita 7 kwa umbali huo. Matundu yakiwa sentimita 7 kushoto, ni milio 10 kuelekea kulia. Kisha risasi tatu nyingine. Asiyeingoja ya tatu huenda anarekebisha mtetemo wa mkono wake tu.

Nikaandika “kupatanisha”. Pat-, kisha -an- ya kutendana, kisha -ish- ya kusababisha: kuwafanya wawili wasiofuata njia moja wakubaliane mahali fulani. Na makubaliano hayo yana masharti, kwani ukibadili aina ya risasi huna budi kuanza upya.

Askari amelipokea. Wenzake bado husema “kuseti”, nami sina ugomvi nao. Ila kwenye karatasi iliyobandikwa ghalani mwao, limeandikwa hilo langu.