Ukitoka Hapa Unalala Wapi?

Usuluhishi ulipoingia mahakamani, mimi nilikuwa na miaka saba ya uwakili. Ilikuwa 1994, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali. Kanuni za mashauri ya madai zilibadilishwa ili wadaawa wakalishwe kwanza mbele ya jaji au hakimu, wajaribu kuelewana kabla kesi haijasikilizwa. Mawakili wengi wa Dar es Salaam tulinung'unika. Tulizoea kusimama na kuhoji, na huku tunaambiwa tukae. Yanayosemwa mle ndani hayatumiki kesi ikiendelea, na usuluhishi ukishindikana faili linakwenda kwa mwingine.

Shauri langu la kwanza lilikuwa la mashemeji wawili wa Kariakoo, wabia katika duka la vitenge. Niliingia na rundo la stakabadhi za benki na hati za mzigo. Hakimu aliniomba nimwache mteja wangu aseme mwenyewe. Mzee yule alikaa kimya kitambo, akaitazama meza, kisha akasema:

"Shemeji, mama yangu alipofariki hukuja msibani. Ulimtuma kijana na bahasha."

Miezi kumi na minne alikuwa akija ofisini kwangu, na msiba huo hakuwahi kuutaja. Wala mimi sikuwahi kumuuliza kingine zaidi ya mahesabu. Mwenzake alijieleza, kwa shida, akaomba radhi. Ndipo stakabadhi zangu zikafunguliwa. Kufikia alasiri walikuwa wamegawana: mmoja duka, mwingine stoo pamoja na deni la benki. Makubaliano yakaandikwa, wakatia sahihi, yakawa amri ya mahakama. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku yoyote ya kuhoji mashahidi.

Mashauri ya ndoa yalinijia zaidi baada ya hapo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na baraza likishindwa litoe cheti. Wengi walifika kwangu wamekikunja cheti hicho vizuri, wakiamini ndiyo talaka yenyewe. Kugawana mali ndiko kulikokuwa kugumu. Nimelitaja mara nyingi shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, la 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe rufani yake ilitupwa, na hilo husahaulika. Lakini nimewaona wanaume waliosema "huyu hakununua hata tofali moja" wakinyamaza waliposikia jina lake.

Ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja wa Temeke, muuza maandazi, mwaka 1998. Kila alichoulizwa alikubali. Achukue vyombo, cherehani na fedha kidogo. Nyumba aliyoilisha na kuifagia miaka kumi na tisa ibaki kwa mume. Nilimuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa. Nilimuuliza kama ameridhika, akasema ameridhika. Asubuhi moja tu tukawa tumemaliza, na mimi nikafurahi.

Dirishani nilimwona mume akimngoja chini ya ngazi. Alimshika mkono juu ya kiwiko, wakaondoka pamoja. Walikuwa bado wanaishi nyumba moja. Nilikuwa nimekaa naye mara tatu bila kulijua hilo, na sikumwona tena.

Tangu siku ile, kabla hatujaingia chumbani, humchukua mwanamke peke yake hadi mwisho wa korido. Simuulizi kuhusu mali kwanza. Namuuliza: "Mama, ukitoka hapa unalala wapi?"

Mwaka 2003 mmoja alinitazama muda mrefu, akavuta khanga yake, akanijibu kwa sauti ya chini: "Kwake, dada."

Niliingia kwa hakimu nikaomba tarehe nyingine. Siku hiyo hatukukaa mezani.