Kipimo kilisema "kawaida", mjomba akaendelea kuumia

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ni mikono ya mjomba wangu.

Naishi naye hapa Elgon View, Eldoret. Mji wetu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, jua la mchana halina mchezo, na mjomba hatoki bustanini. Mwaka jana mikono yake ilianza kutoa malengelenge. Ngozi ikawa inachubuka kwa kuguswa tu, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Majirani wakanong'ona kuhusu uchawi. Daktari alishuku porifiria ya ngozi.

Jibu la kwanza la maabara lilihusu kimeng'enya kiitwacho UROD, kilichopimwa ndani ya seli nyekundu za damu. Kawaida. Mimi, mtu wa tarakilishi, nikajifanya daktari: "Mjomba, uko salama. Karatasi imesema."

Akanijibu, "Karatasi haichubuki, kijana wangu."

Tukarudi kwa daktari, akatuchorea. Mwili hutengeneza himu, kile kiini cha damu kinachoshika oksijeni, kwa hatua 8, na kila hatua ina kimeng'enya chake. UROD ni wa hatua ya 5. Akilegea, porifirini hurundikana, hufika kwenye ngozi, na mwanga ukizipiga huiunguza.

Sasa hapa ndipo nilipoumbuka. Kuna aina ya kurithi, ambapo UROD hupungua hadi karibu nusu mwili mzima, kwa hiyo damu huonyesha. Lakini wagonjwa wengi wana aina isiyorithiwa: kimeng'enya huzimwa ndani ya ini tu, mara nyingi kwa sababu ya chuma kilichozidi, pombe, hepatitisi C au VVU. Damu hubaki safi kabisa. Ni kama seva mbili: moja imekwama, nawe unasoma logi za ile nzima, kisha unamwambia mteja hakuna tatizo.

Kipimo cha kuanzia ni porifirini zenyewe, kwenye mkojo au plazma, na chupa hufunikwa kwa kuwa mwanga huziharibu. Za mjomba zilikuwa juu sana. Ile karatasi ya kwanza haikudanganya. Ilijibu swali lingine, kama ugonjwa huu unaelekea kuwa wa kurithi.

Sasa mjomba hutolewa damu kila baada ya wiki mbili ili chuma kipungue. Pombe ameacha. Bustanini anaingia na glavu na kofia pana, na malengelenge yanapungua.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkipewa jibu la "kawaida" na mwili bado unalalamika, msirudi nyumbani. Ulizeni kimepimwa nini, na wapi.

Haya, narudi kwenye programu yangu. Nayo ina hitilafu.