Mwizi wa nyimbo ni nani?

Haya, leo tuzungumze kuhusu wizi. Sio wizi wa kuku wala wa betri za magari. Wizi ninaousema una sheria yake nzima, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo iliandikwa kwa Kiingereza kile cha mawakili, na wengi wanaoivunja hawajaiona hata jalada lake. Nimeisoma kwa sababu ya kazi yangu ya uandishi. Nilipomaliza kuisoma nikajikuta namfikiria kijana mmoja wa Tura.

Kwa wale mnaopita Tura usiku mkiwa mmelala ndani ya treni: ni stesheni ya Reli ya Kati, wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora, ukitokea upande wa Itigi. Zamani hapa ndipo misafara iliyotoka pwani ilikuwa inamaliza pori la Mgunda Mkali na kuingia Unyamwezi. Mzungu Richard Burton alipita mwaka 1857 akienda kutafuta ziwa, akaandika kwamba jina la mahali hapa maana yake ni "tua", yaani tua mzigo. Wapagazi walikuwa wameshavuka Ugogo, ambako kila mtawala alitaka hongo yake. Hongo ya wakati ule haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa njia, unalipwa kwa nguo, shanga au waya, kisha mnapita. Lishikeni hilo neno, nitalihitaji huko mbele.

Sasa huyu kijana. Ana kompyuta moja ya mezani, spika mbili, betri inayochajiwa na umeme wa jua, na sahani ya plastiki iliyojaa memori kadi. Unampa memori kadi na shilingi elfu moja, anakujazia nyimbo. Dereva wa bodaboda anataka Bongo Fleva, mama muuza asali anataka kwaya, na wazee wanaotoka kuuza tumbaku wanataka zilipendwa. Nilimkuta anamwekea mzee mmoja nyimbo za Tabora Jazz na za Kiko Kids, bendi za mkoa huu huu. Mzee anamsimamia kama mtu anayepimiwa sukari. "Hiyo hapana mwanangu, hiyo sauti imekwaruza, niwekee ile nyingine." Kijana anamjibu "sawa babu", anatafuta nyingine.

Kwa mujibu wa sheria, kijana yule ni mhalifu. Ananakili na kuuza kazi za watu bila idhini. Sibishi. Mwanamuziki naye anakula, ana watoto, na anastahili jasho lake.

Lakini hebu tuulizane, ni idhini ya nani? Bendi hizo ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam enzi ambazo kupata pengine pa kurekodi ilibidi uvuke mpaka uende Nairobi. Wakapiga, wakarudi zao nyumbani, kanda zikabaki redioni. Leo maktaba hiyo iko TBC. Wengi waliopiga magitaa yale wameshatangulia mbele ya haki, na sheria yetu inalinda kazi ya mtu kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo nyimbo za wazee wetu zitakuwa na mwenyewe kwa muda mrefu sana, hata kama mwenyewe huyo hajui kama anazo! Yule mzee wa tumbaku hakuna duka Tabora nzima nililoliona ambako angeweza kuzinunua kihalali. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu pekee anayeupeleka muziki wa Tabora kwenye masikio ya watu wa Tabora ndiye sheria inamwita mwizi.

Tuje mjini. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamua kesi ya AY na MwanaFA dhidi ya kampuni ya Tigo. Nyimbo zao, Dakika Moja na Usije Mjini, ziliuzwa kama miito ya simu bila wao kukubali. Mahakama ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Nilishangilia, na najua wengi wenu mlishangilia. Kampuni ikakata rufaa, kama ambavyo kampuni yoyote yenye mawakili wa kutosha ingefanya, na wasanii wakaanza safari ndefu ya ngazi za mahakama. Tangu hapo mambo mengi yamebadilika. Tigo mwaka 2024 ilibadili jina ikawa Yas. MwanaFA akawa mbunge wa Muheza mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa kuwa naibu waziri katika wizara ile ile inayosimamia sanaa.

Angalieni tofauti lakini. Kampuni ikichukua wimbo bila ruhusa, jambo hilo linaitwa mgogoro wa mkataba. Linazungumzwa na watu waliovaa suti, barua zinaandikwa, tarehe zinapangwa. Kijana wa Tura akichukua wimbo huo huo, anaitwa haramia na kompyuta inapandishwa kwenye gari la polisi. Kitendo ni kimoja, ila huyu mmoja hana wakili.

Mtaniambia serikali inajitahidi. Ni kweli. Mwezi Januari 2022 COSOTA waligawa mirabaha iliyotokana na nyimbo kuchezwa kwenye vyombo vya utangazaji, shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Nilipiga hesabu nikapata wastani wa kama shilingi laki mbili na elfu sabini na nane kwa kila mmoja (wastani tu, wapo waliopata mamilioni na wapo walioambulia nauli ya daladala). Ni mwanzo, na mwanzo ni mgumu. Kisha mwaka 2023 ikaletwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakilia na kubebea kazi za sanaa.

Hapo sasa! Maana ya tozo hiyo ni kwamba Serikali inakubali kuwa watu wananakili, kwa hiyo inachukua kidogo kwenye kifaa ili msanii afidiwe. Wazo lenyewe silo baya, hata Ulaya wanalo. Ila kijana wa Tura akinunua memori kadi anakuwa ameshachangia fidia ya kunakili, na akinakili bado ni mhalifu. Analipa hongo ya njia halafu anakatazwa kupita. Wale watawala wa Ugogo walikuwa na uungwana zaidi, ukishalipa unapita.

Na msidhani yanaishia kwenye nyimbo. Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Ili uandike kwenye blogu yako ulitakiwa kulipa shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni moja nyingine kila mwaka. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miezi 12, au vyote kwa pamoja. Jamii Forums walizima mtandao wao Juni mwaka ule. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo alikuwa anaandika habari za wakulima wa tumbaku, makato yao na pembejeo zao, kitu ambacho magazeti ya Dar hatukigusi mpaka waziri afanye ziara. Alifunga. Alinipigia akacheka, akasema angekuwa na milioni mbili na laki moja angenunua pikipiki. Kanuni zile ziliandikwa upya mwaka 2020, na ada zikaja kupunguzwa baadaye, lakini yeye hakurudi. Anauza mbolea sasa hivi, na wakulima bado wanakatwa.

Halafu kuna hawa jamaa wa vifurushi. Safari yangu ya mwisho kwenda Tabora treni ilichelewa, ikasimama porini usiku kucha, mtandao hakuna. Asubuhi tunaingia Tura simu inashika mnara, ujumbe wa kwanza kuingia unanijulisha kwamba kifurushi changu kimeisha muda wake. MB zote zipo, sikuzigusa! Nikapiga huduma kwa wateja wa kampuni hiyo (sitaitaja), dada mwenye sauti tamu akaniambia, "Kaka, ni utaratibu." Mwezi Aprili 2021, bei za vifurushi zilipopanda ghafla, nchi nzima ilipiga kelele na Serikali ikazisimamisha. Kwa hiyo inawezekana wakubwa wakabanwa, kumbe! Mbona hawabanwi kwenye hili la kuchukua kitu ambacho mteja ameshakilipia? Mimi nikichukua wimbo wa mtu ni uharamia, wao wakichukua MB zangu ni utaratibu.

Ningeulizwa ushauri (sijaulizwa), ningesema hivi. Mpeni kijana wa memori kadi leseni ndogo, ya kulipia hapo hapo kijijini kwa simu, kiasi anachoweza, kama muuza mitumba anavyolipa ushuru wa soko. Aandike nyimbo alizoweka, hata kwenye daftari. Ninavyomfahamu ataandika, kwa sababu tayari anayo daftari ya wateja wanaodaiwa. TBC nao waweke hadharani orodha ya kanda walizonazo na majina ya waliopiga, ili watoto wa wanamuziki wale, wengine wako Tabora hapa hapa, wajue cha kudai na wa kumdai. Kazi hiyo haihitaji bilioni mbili. Inahitaji karani mmoja mwenye subira, na mtu wa juu yake wa kusaini karatasi.