Kiraka cha Simiti

Kiraka tulikiona siku ya tatu, baada ya kukwangua tabaka nne za rangi: buluu, kijani, nyeupe, halafu buluu nyingine iliyokolea. Kilikuwa ubavu wa kushoto, chini, karibu na mkuku, kikubwa kama sahani ya pilau. Ami alikigonga mara mbili kwa mpini wa patasi, akasikiliza, akanitazama. Hakusema kitu. Alienda zake kivulini akawasha sigara. Mimi nikabaki pale nimepiga magoti mchangani, kwa sababu nilikijua kiraka kile ni cha nani.

Kilikuwa cha baba yangu. Alikipiga Agosti 2019, siku chache kabla sijapanda basi la kwenda chuo.

Kwanza nilieleze dau lenyewe. Ni la mbao, futi 20, na ni la marehemu babu. Huwa tunalilaza pwani ya Nyali, mwisho wa kichochoro kilichobaki kati ya ukuta wa hoteli na ukuta wa ghorofa. Ukipita barabarani kwa gari huwezi kujua kama huku kuna wavuvi. Wageni huviona vyombo vyetu alfajiri, wakavipiga picha, wakaenda zao kunywa chai. Hawana habari kwamba maji wanayoyatazama yamo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka wa 1986, na kwamba ndani yake mna eneo la kilomita 10 za mraba ambalo huruhusiwi kuvua hata dagaa. Mvuvi anayetaka samaki wa maana hutoka nje ya mwamba. Na kutoka ni kupita mlangoni, pale mwamba ulipokatika. Msimu wa kusi mawimbi huvunjika pande zote mbili za mlango mpaka maji yanakuwa meupe kama tui. Kule Sagana, kwenye Mto Tana, watu hulipa pesa ili kuteremshwa kwenye maji ya namna hiyo, wamevaa kofia ngumu na maboya. Sisi twayapita bure, kwenda na kurudi, juu ya mbao za babu.

Mwezi wa nne, kusi ndo inaanza, dau lilipiga maji hapo hapo mlangoni. Ami alikuwa na kijana mmoja wa jirani. Walirudi maji yakiwa magotini, mmoja kwenye usukani, mwingine akifua maji kwa kipande cha mtungi wa mafuta. Samaki wote walikuwa wamewatupa ili chombo kiwe chepesi. Yule kijana aliposhuka mchangani alitapika, kisha akacheka, kisha akasema harudi tena. Hajarudi.

Usiku ule pakawa na kikao nyumbani Kisauni. Mimi ndiye niliyesema tununue boti ya faiba.

Nilikuwa na hoja zangu, nimeziandika kwenye simu. Faiba ni nyepesi. Haihitaji kupandishwa kila mwaka ikakaa wiki tatu juu. Wadudu wa baharini hawaitoboi. Mbao nazo zimekuwa kama dhahabu: tangu serikali ipige marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, fundi wetu amekuwa akilia bei, na hata Rais Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku inaondolewa, kilio cha fundi hakikukoma. Fundi mmoja wa faiba alikuwa amenitajia shilingi 250,000, bila mashine. Chama cha Ami kingeweza kumkopesha nusu. Nikaongeza na Flipflopi, lile dau lililojengwa Lamu kwa plastiki ya kuokota, likafunikwa kwa malapa ya rangirangi, likasafiri mpaka Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Nikasema dunia inasonga mbele, Ami, si lazima tufe na mbao.

Ami alinisikiza mpaka mwisho. Akauliza, "Hilo dau la malapa, nani alilijenga?"

"Mafundi wa Lamu."

"Wa faiba ama wa mbao?"

Nikanyamaza. Mafundi wale ni wa majahazi ya mbao. Waliichukua ile plastiki wakaichonga na kuiunga kama mbao, kwa sababu hiyo ndiyo kazi waliyoijua.

"Wajua ile boti nyeupe ilolala karibu na mkwaju?" Ami akaendelea. "Ile watoto wachezea ndani? Yule bwana aliinunua mpya. Ilipasuka mwaka wa kwanza. Dawa ya kuiziba yauzwa mjini, na fundi ataka alipwe kabla hajaja. Mwaka wa pili huu. Mimi dau langu likipasuka, nitalala njaa, sawa, lakini nitaliziba mimi."

Hakuwa na haki yote. Nawajua wavuvi wenye boti za faiba wanaotoka kila siku na hawana majuto. Lakini chama kilikuwa na foleni ya mikopo mpaka mwisho wa mwaka, na sisi tulihitaji kula mwezi ule. Kwa hiyo hatukuchagua ukarabati kwa kuupenda. Tulikuwa na shilingi 18,000, Ami alikuwa na patasi zake, na mimi sikuwa na kazi ya kwenda asubuhi. Mambo yakaanza hivyo.

Tuliliburura dau juu wakati wa bamvua, maji yalipojaa kupita kiasi, likipita juu ya magogo. Kisha likaachwa likauke. Halafu moto. Unawasha makuti makavu, unayapitisha chini ya chombo haraka haraka, mbao zipate joto la kuua wadudu bila kushika moto. Mara ya kwanza niliogopa nikakaa mbali. Ami akaniambia, "Ukiliogopa utalichoma. Tembea."

Baada ya moto ndipo huja kukwangua, na baada ya kukwangua ndipo kalafati yenyewe. Unachukua pamba, unaisokota juu ya paja mpaka iwe uzi mnene, unaichovya kwenye mafuta ya nazi. Zamani ilikuwa sifa, mafuta ya papa, na harufu yake haikutoki wiki nzima. Unaingiza ule uzi kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, kwa patasi butu na nyundo ya mti. Siku ya kwanza nilipiga kwa nguvu, nikijisifu moyoni. Ami akanishika mkono. Ukipiga sana, alisema, unazisukuma mbao ziachane, na ule mwanya uliotaka kuuziba unaupanua. Ukipiga kidogo, bahari itaitoa pamba. Sauti ndiyo ikwambiayo. Mwanzo nyundo inalia kama inagonga godoro, kisha inabadilika. Ikibadilika, acha, songa mbele.

Ilinichukua siku mbili kuisikia sauti ile. Kwa siku mbili nilikuwa nikipiga tu, Ami akinifuata nyuma, akitoa pamba yangu na kuweka upya.

Chuoni niliwahi kusoma kwamba karibu miaka 2,000 iliyopita, Mgiriki mmoja aliyeandika habari za pwani hii alitaja soko la Rhapta, na kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa. Mitepe ya Lamu nayo ilishonwa vivyo hivyo, kwa kamba za nazi, bila msumari. Kamba zilipochakaa, zilifunguliwa, chombo kikashonwa upya. Wakati ule niliiandika kwenye daftari kama habari ya mtihani. Siku ile mchangani, vidole vimejaa mafuta, ndipo ilinijia kwamba waliojenga mtepe hawakuufikiria ukarabati kama balaa. Waliujenga wakijua utafunguliwa.

Sasa, kiraka.

Simiti haikubaliani na mbao. Mbao huvimba ikinywa maji, hunywea ikikauka, na simiti imekaa pale pale. Baina yao hupatikana upenyo mdogo kama unywele, maji yanaingia, na hayana pa kutokea. Ami alipokibandua kile kiraka kwa tindo, kilitoka kizima, na nyuma yake mbao ilikuwa nyeusi. Niliiminya kwa kidole, kikazama kama kwenye ugali. Na si ubao tu. Taruma lililokuwa nyuma yake lilikuwa limeoza nusu yake. Hapo ndipo dau lilipopigia maji. Hapo ndipo yule kijana alipotaka kuzama.

Nikapiga hesabu bila kutaka. Agosti 2019 karo yangu ilitakiwa ndani ya wiki mbili. Dau lilikuwa likivuja. Kalafati ya kweli ilitaka wiki tatu nchi kavu, na wiki tatu nchi kavu ni wiki tatu bila samaki. Baba alinunua nusu mfuko wa simiti, akapiga kiraka jioni, akapaka rangi asubuhi, akarudi baharini. Mimi nikaenda chuo. Nikakaa mwaka mmoja na nusu, karo ikatushinda, 2021 nikarudi nyumbani na begi lile lile. Kiraka kikabaki.

Ami aliporudi kutoka kivulini, nilimwambia nilivyokuwa nikifikiria. Kwamba kiraka kile ni mimi. Akakunja uso kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi.

"Babako si mjinga," akasema. "Kalafati aijua kabla hujazaliwa wewe. Alikuwa na siku mbili. Ungempa wiki tatu ungeona kazi."

Nimesikia watu wakiusifu ukarabati kama tabia njema, kama vile maskini ana hekima ya kutotupa vitu ambayo tajiri ameipoteza. Labda. Lakini mimi nilichokiona ni kwamba kukarabati vizuri kunataka muda, na muda ndio kitu cha kwanza mwenye shida hunyang'anywa. Kwa hiyo anaziba kwa simiti, kwa lami, kwa bati la kopo, akisema nitairudia. Kisha yule aliyemkuta na haraka anamwita mzembe. Mwezi wa nne, dau lilipopiga maji, mimi nilisema kikaoni kwamba vyombo vya zamani vinaua. Sikujua nazungumzia wiki mbili za karo yangu.

Baba siku hizi ni askari wa usiku kwenye geti la ghorofa moja hapa hapa Nyali. Nilitaka tumfiche. Ami akampigia simu.

Akaja kesho yake saa moja asubuhi, ametoka zamu, sare bado mwilini, viatu ameshika mkononi. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa analitazama lile tundu. Aliinama akaingiza mkono, akapapasa taruma, akatoa ukoko wa mbao iliyooza, akaunusa.

"Nilisema nitalirudia," akasema. "Kila mwaka nilisema."

Ami akamjibu, "Basi umelirudia. Vua shati."

Hakukuwa na maneno mengine. Baba alikunja suruali ya sare mpaka magotini, akakaa juu ya gogo, akachukua pamba akaanza kuisokota pajani. Mkono wake haukusahau kitu. Mimi nilikuwa na siku kumi za kazi ile na uzi wangu bado ulikuwa na vifundo. Wake ulitoka laini kama tambi. Kwa siku tisa alikuja kila asubuhi akitoka geti, akafanya kazi mpaka jua linapokuwa kali, akaenda kulala. Taruma jipya tulilichonga kutoka kwa kipande cha mwembe alichopewa Ami Kongowea na mtu anayemdai. Ubao mpya ulimeza karibu pesa zote zilizobaki. Misumari tuliizungushia pamba yenye mafuta kwenye kichwa kabla ya kuipigilia, maji yasipate njia.

Tukaliteremsha bamvua iliyofuata, alfajiri.

Likavuja. Lilivuja kila mahali, vijimto vyembamba kwenye kila mwanya tulioupiga, mpaka mimi nikahisi machozi. Nikamtazama Ami, naye alikuwa anafunga kamba ya nanga, hana habari.

"Lina kiu," Baba akasema. "Limekaa juu mwezi mzima. Liache linywe."

Ndivyo lilivyo dau la mbao. Likirudi majini baada ya kukauka, huvuja kwanza. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinaibana ile pamba, na mwanya unajifunga wenyewe. Kazi yako ni kukaa ndani yake ufue maji na usubiri. Kama kalafati ni nzuri, utaona. Kama si nzuri, utaona pia.

Tukakaa watatu, mimi omo, Baba katikati, Ami tezi, tumetia nanga maji ya kifuani. Mwanzo tulifua bila kupumzika. Kisha kila dakika tano. Jua likatoka, wageni wakaja kupiga picha, mmoja akatupungia mkono na Ami akampungia. Kisha kila dakika kumi. Mimi nilikuwa nikitazama pale palipokuwa na kiraka. Ubao mpya ulikuwa mweupe kati ya wenzake, unyevu ukiutambaa, na tone moja likining'inia kwenye mshono bila kuanguka.

Huenda mwakani mkopo ukatoka tukanunua faiba. Ami mwenyewe amesema hatakataa, magoti yake yamechoka kupiga mchangani. Mimi bado naandika, nalipwa kwa makala, na asubuhi niko pwani.

Saa tatu Baba akachungulia chini, akaingiza vidole ngamani, maji hayakumfika kifundo. Akasema lazima akalale, usiku ana geti. Akashuka majini, sare ameishika juu ya kichwa, akaenda zake.