Usukani Wacheza Twisti Busisi

Wasomaji, kabla Daraja la JPM halijafunguliwa Juni 2025, kuvuka Busisi kwenda Kigongo ni foleni ya kivuko. Siku hiyo foleni iliniokoa. Tangu Sengerema usukani ulikuwa unacheza, mie nasingizia barabara.

Fundi mmoja akapiga jeki, akashika tairi kushoto na kulia, akalitikisa: ngo, ngo! Juu na chini, kimya, boljointi nzima.

"Braza, tairodi endi hiyo. Ikichomoka kwenye mteremko, unamwona sangara uso kwa uso."

Jasho! Spea ikaletwa na bodaboda, vivuko viwili vikanipita. Akafungua akihesabu mizunguko, mpya akaifunga kwa mizunguko ileile, akatia pini. Nikavuka mdogomdogo hadi Mwanza kupima alaimenti.